Bluu Haifiki Ukutani

4 Februari

Mdogo wangu,

Projekta imefika salama, sanduku halina hata mkwaruzo. Umeifunga kama mtu anayesafirisha mayai. Asante. Sasa nikwambie la pili kabla sijapoa: bluu yako ni mbovu.

Usinune. Nyekundu yako ni nyekundu kweli, inakwenda mpaka ukuta wa nyuma na inafika na nguvu zake zote. Kijani ndiyo usiseme, kinachoma kama sindano. Lakini bluu inatoka kwenye mashine vizuri, ikifika katikati ya ukumbi imechoka, ikifika ukutani imekuwa maji yaliyooshewa sufuria. Nimesafisha kioo cha mbele kwa kile kitambaa chako. Nimeongeza moshi ili miale ionekane. Wapi!

Unajua kwa nini nalia. Onyesho la mto linafunguliwa mwishoni mwa mwezi wa sita katika ukumbi mpya, na mto wenyewe ni mimi. Wachezaji wa dansi wanaingia kwenye mwanga wangu kama watu wanaoingia majini, na kwa dakika arobaini jukwaani hakuna kitu isipokuwa bluu na miili yao. Meneja amekwisha kunitupia neno mara mbili kwamba kuna mwanamke mmoja hapa kikundini aliyesomea taa kwa kompyuta. Nikamwambia mimi nilianza kuchezea taa za jukwaani huyo akiwa bado anatambaa. Alicheka, ila hakucheka sana.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu tunagombana, na lori la kikundi linapita karakana yenu hata hivyo. Barua nampa dereva.

Nitengenezee bluu, Bwana Skrubu. Msalimie wifi.

Dada yako

*

13 Februari

Dada, shikamoo.

Sijanuna. Nilinuna siku ile barua ilipofika, kesho yake nikaamkia kazini.

Una haki ya kulalamika. Leza ya bluu tuliyoweka ni ile ya kawaida yenye nguvu, lakini rangi yake imeegemea upande wa zambarau, na jicho la binadamu ni vivu kwa rangi hiyo. Mashine inatoa mwanga mwingi, jicho linapokea kidogo. Kijani ni kinyume chake, ukikiwasha kidogo tu jicho linaruka. Kwa hiyo kosa si la nguvu. Jicho ndilo halisikii.

Nilichofanya ni hiki. Nimeleta leza ya pili ya bluu, hafifu kuliko ya kwanza, lakini iliyo karibu na rangi ya anga saa nne asubuhi. Nimezikutanisha mbili hizo kwenye kipande cha kioo chenye utando, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Utando ule unairuhusu bluu ya zambarau ipenye, na unairudisha bluu ya anga, basi zikitoka hapo ni mwale mmoja.

Kuandika ni rahisi. Nimezungusha skrubu tatu kwa siku tatu. Ukigeuza hii, doa linapanda. Ukigeuza ile, linapanda na kwenda kushoto, kwa ukaidi tu. Niliziba madirisha ya korido kwa mablanketi, nikabandika karatasi nyeupe mwisho wake, na yale madoa mawili yakawa yanakwepana kama wachumba waliogombana. Jana kabla ya chakula cha mchana yakakubali kukaa pamoja. Bi Risasi, yule mwenzangu wa kulehemu ambaye hajasifia kitu tangu aajiriwe, alisimama nyuma yangu na miwani yake ya kinga kichwani, akaangalia karatasi, akasema, "Hii sasa ni bluu." Nikamwomba aniandikie na kutia sahihi. Akakataa.

Nakuletea moyo wa mashine ukiwa umebadilishwa wote. Bluu zote mbili ziweke robo tatu, usizidishe. Halafu kaa kwenye kiti cha katikati ya ukumbi uangalie.

Mdogo wako

*

2 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Ni bora. Nasema hivyo kwa sababu wewe ni damu yangu na umehangaika siku tatu. Lakini kama nikisema nimefurahi nitakuwa mnafiki.

Robo tatu yako haitoshi. Nimesukuma bluu zote mbili mpaka juu kabisa, nikashusha kijani na nyekundu mpaka zikabaki pumzi tu. Hapo ndipo mto wangu ukaonekana mto. Ajabu ni kwamba mpiga picha wetu alikuja kuniuliza kwa nini wachezaji wana nyuso za maiti. Nikamwambia yeye picha zake zote zina rangi ya chai na hakuna anayemuuliza. Watu siku hizi wana maneno.

Goti langu limevimba. Hawa watu wa jukwaa wanaacha nyaya popote wanapotaka, nimejikwaa mara mbili wiki hii, na ile mara ya pili nilitukana neno ambalo sikujua kwamba nalijua. Mazoezi yakiisha kichwa nacho kinanigonga. Ni ule moshi. Tangu wabadilishe dawa ya mashine ya moshi, taa zote naziona zimevaa pete.

Mpwa wako anafunga chuo mwezi ujao, atakuja kukaa nami. Atanisaidia kubeba vitu, maana mama yake amezeeka ghafla.

Mashine nakurudishia na lori, jaribu tena. Kuna kitu bado hujakigusa.

Dada

*

11 Machi

Dada, shikamoo.

Pole kwa goti. Mwambie Meneja nyaya zibandikwe sakafuni kwa utepe mweupe.

Nimejaribu tena. Nimeangalia upya jinsi miale inavyokutana, na nimetia kijani chembe ndogo ndani ya bluu, kiasi cha chumvi kwenye chai, ili isogee mbali zaidi na zambarau. Halafu nimepima. Nimepima karibu, nimepima mwisho wa korido, nimepima mashine ikiwa baridi na ikiwa imekaa saa tatu. Bluu inafika, Dada. Kipimo kinaonyesha inafika. Bi Risasi anaona inafika. Mhudumu wa kufagia, ambaye hakuulizwa, alisema inamkumbusha sare za shule aliyosoma.

Nakuambia haya si kwa kiburi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane na sijawahi kumrudishia mtu mashine nzuri kuliko hii. Sasa naomba na wewe unifanyie kitu kimoja: iwashe mchana, ukumbi ukiwa umefungwa mapazia, bila moshi, kwenye ukuta mweupe mtupu. Halafu niambie unaona nini. Niambie unachoona tu, yale ya Meneja yaache.

Mdogo wako

*

28 Machi

Wewe,

Nimefanya ulivyotaka. Mapazia, ukuta mweupe, bila moshi. Unataka kujua nimeona nini? Nimeona kijivu. Nimeona ukuta ulionyeshewa mvua.

Umekuwa fundi wa kipimo. Zamani ulikuwa unaniuliza, "Dada, hii imekaaje?" na nikikwambia imekaa vibaya unaibomoa bila swali, kwa sababu ulijua mimi ndiye mwenye jicho. Sasa unaniletea ushahidi wa mfagiaji!

Jana kwenye onyesho dogo la majaribio watu wa safu ya mbele walikuwa wanajifunika macho na mikono. Meneja akaniita pembeni, akanisemesha mbele ya mwanamke wa kompyuta kama anasemesha mtoto aliyemwaga maziwa. "Mama," aliniambia, "unatupofusha." Miaka ishirini na sita, mdogo wangu. Miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kuniambia neno kama hilo.

Mashine yako hiyo hapo, imo sandukuni. Usinirudishie mpaka iwe na bluu.

Dada

*

3 Aprili

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Nimeifungua mashine. Hakuna kilichoungua, hakuna kilicholegea, vioo viko pale pale nilipoviacha. Lakini nilipoiwasha bila kugusa chochote, na mpangilio iliokuja nao, karakana nzima iligeuka bluu mpaka nikashtuka. Niliitisha nyeupe, ikaja bluu. Niliitisha rangi ya machungwa, ikaja bluu. Nilikuwa na miwani ya kinga na bado nikageuza uso. Bi Risasi akasema, "Zima hiyo kitu kabla hatujapata kesi."

Hakuna mtu mwenye jicho kama lako anayeweza kuweka mpangilio ule. Kwa hiyo nakuuliza, na usinijibu kwa hasira: nani mwingine anakaribia meza yako ya mitambo? Sitaki umshuku mtu bure. Lakini yule aliyesomea kompyuta anaitamani kazi yako, na kuharibu namba ni kazi ya dakika moja ukiwa umekwenda kunywa maji.

Nimerudisha kila kitu palipostahili, na mashine inarudi na lori. Funga meza yako kwa ufunguo.

Mdogo wako

*

19 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Naandika hii nikiwa nimejifungia bafuni na bomba liko wazi, kwa hiyo usahihishe makosa mwenyewe. Mama hajui. Siwezi kupiga simu, kuta za nyumba hii zinasikia kuliko watu.

Mjomba, zile namba aliziweka Mama mwenyewe. Hakuna mtu aliyegusa meza yake.

Barua yako ilipofika alisimama katikati ya mazoezi akamshutumu yule dada wa kompyuta mbele ya watu wote. Akamwita mwizi wa kazi za watu. Yule dada hakumjibu vibaya, afadhali hata angemjibu. Alikwenda mezani, akawasha miale miwili ukutani, mmoja bluu, mmoja kijani kilichofifia, akasema kwa upole, "Mama, nionyeshe bluu ni upi."

Mama akaonyesha wa kijani.

Hakuna aliyecheka. Ningependa ujue hilo. Mtu mmoja alikohoa, Meneja akaangalia viatu vyake, na Mama akasema tena kwa sauti, "Huo hapo, mnadhani mimi kipofu?" akiwa bado ameunyooshea kidole ule wa kijani.

Mimi nilikuwa nimeanza kuona mambo tangu nifike. Anamimina chai pembeni ya kikombe. Nikimjia kwa ubavuni anaruka kama nimetoka ardhini. Akitaka kuangalia mlango anageuza kichwa kizima. Kesho yake nikamdanganya kwamba nakwenda kupima miwani yangu, nikampeleka kwa daktari wa macho.

Ni presha ya macho, Mjomba. Daktari alinichorea. Jicho linajaa shinikizo kwa ndani, na ule mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa polepole kuanzia pembeni. Hauumi. Mtu hajui. Kwa Mama zaidi ya nusu imekwisha kwenda, na iliyokwenda hairudi, si kwa dawa wala kwa kisu. Anachoweza kufanya ni kutia matone kila siku ili iliyobaki isiende haraka. Alisema pia kwamba kwa watu wengine rangi ya bluu huanza kufifia mapema.

Daktari alimuuliza, "Mabadiliko umeanza kuyaona lini?" Mama akamjibu, "Sina mabadiliko yoyote. Ni mashine za mdogo wangu."

Amenikataza kukwambia. Amesema, "Mjomba wako akijua, hataniamini tena kwa rangi yoyote." Matone anatia, mimi mwenyewe namsimamia, lakini chuo kinafunguliwa wiki ijayo na itabidi niondoke. Kazini hawajamfukuza. Meneja amesema apumzike kwanza, halafu wataona. Anashinda kitandani akiangalia ukuta. Tafadhali mwandikie kitu cha kumtia moyo, ila usinitaje.

Mpwa wako

*

24 Aprili

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia kukuomba radhi. Nimeibomoa mashine nyingine ya aina yako iliyobaki karakanani, mpaka skrubu ya mwisho, na nimegundua kasoro. Utando wa kile kioo kidogo haukuwa mzima. Ulikuwa unapitisha bluu yote mashine ikiwa baridi, ikipata joto unaanza kuimeza. Ndiyo maana kipimo changu hakikuiona. Wewe uliiona kwa jicho tangu siku ya kwanza, mimi nikakubishia.

Ulikuwa sahihi, Dada. Kosa ni langu.

Usiwe na mawazo. Pumzika, goti lipone, kula vizuri. Nitakutengenezea kioo kingine.

Mdogo wako anayekupenda

*

6 Mei

Bwana Skrubu wangu!

Nilijua! Nilijua, nilijua, nilijua. Wifi ananisikia huko? Mwambie mume wake ni fundi mzuri asiye na macho!

Nikwambie siri sasa kwa kuwa imekuwa kichekesho. Walinipeleka kwa daktari. Mpwa wako alinidanganya kwamba anapimwa yeye, kumbe mgonjwa ni mimi. Daktari mwenyewe ana umri wa kaptula, akanimulika kwa kitochi, akanipuliza upepo jichoni, akaniambia habari za mshipa kufa na nusu kwenda, mpaka nikalala wiki mbili nikijihesabu marehemu. Akanipa matone yanayowasha kama pilipili na kunifanya niamke na macho mekundu. Nilikuwa nayatia kwa utii, kwa sababu nilidhani labda wote hawa hawawezi kukosea na mimi peke yangu nikawa sahihi.

Kumbe nilikuwa sahihi. Barua yako nimeisoma mwenyewe kwa sauti mbele ya Meneja na wote. Yule wa kompyuta akanywea kabisa. Sahihi yako nikawaonyesha. Miaka kumi na minane ya ufundi, nikawaambia, na anakiri kwa maandishi. Meneja alikuna kichwa, akasema nirudi mezani, onyesho la mto ni langu. Umenirudishia uhai wangu, mdogo wangu.

Ile chupa ya matone nimeitupa. Siku nne sasa, na macho hayawashi tena, ni meupe kama ya mtoto.

Leta kioo kipya. Mto unaningoja.

Dada

*

9 Mei

Mpwa wangu,

Nimefanya kitu kibaya sana na sijui mwanzo wake niushike wapi.

Uliniomba nimtie moyo. Nilidhani matone anayatia hata hivyo, nikasema basi angalau nimwondolee aibu. Nilimwandikia kwamba kosa lilikuwa la mashine. Hakuna kasoro yoyote, nimebuni. Ameitupa dawa.

Nimepiga simu mara tatu. Ya kwanza nilimwambia ukweli wote, akacheka. Ya pili akaniuliza, "Mdogo wangu, kati yenu wawili mwongo ni yupi, wa kwenye barua au wa kwenye simu? Maana wa barua alitia sahihi." Ya tatu alijua kwamba wewe ndiye uliyeniambia, akakata. Samahani, nimekuchongea pia.

Kesho napanda gari niende. Sijui nitamwambia nini ambacho sijamwambia. Wewe endelea na masomo, usije. Ukija atasema tumepanga njama.

Mjomba wako

*

17 Mei

Mpwa wangu,

Nimerudi jana. Mama yako alinipokea vizuri, akanipikia, akanitandikia. Nilipoanza kusema aliinuka kufua. Nikamfuata na beseni. Nilimwambia nikiwa nimepiga magoti kwenye maji ya sabuni kwamba nilidanganya kwa sababu ya huruma. Akaniangalia, au aliangalia karibu na mimi, akasema, "Walikutuma. Ulikuwa na moyo wa kusema kweli mara moja, wamekutisha."

Nilikwenda kwa daktari peke yangu, akanipa chupa nyingine. Niliiweka mezani kwake. Asubuhi niliikuta kwenye begi langu, imefungwa ndani ya soksi.

Nilimfuata Meneja. Akaniambia, "Mzee, barua yako ninayo hapa. Sasa unataka niamini nini?" Mwishowe aliahidi kumwangalia kwa karibu.

Chupa ya dawa nimeiacha kwa jirani yake wa chumba cha pili. Zaidi ya hapo sijui la kufanya. Kazini naunganisha miale siku nzima, na madoa yanakaa pamoja bila shida yoyote.

Mjomba wako

*

8 Julai

Mdogo wangu,

Barua hii naiandika mwenyewe kwa kalamu nene, mstari mmoja mmoja, na rula chini ya mkono. Ikienda mshazari usicheke.

Ulipoondoka sikutia dawa. Najua ulimwachia jirani. Alikuwa anabisha hodi kila asubuhi na mimi naitikia kwamba nimekwisha tia ya kwangu. Nilikuwa na furaha siku zile, nisikufiche. Nilifanya kazi kuliko nilivyofanya kwa miaka mitano. Meneja alimwambia yule mwanamke akae nyuma yangu aangalie tu, asiguse kitu.

Wiki mbili kabla ya ufunguzi tulifanya mazoezi kamili. Nilifungua mto polepole, kama unavyojua napenda, kuanzia sakafuni. Ukajaa. Nikangoja wachezaji waingie. Muziki unakwenda, mimi nangoja. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Mbona hamwingii?" Nikasema tena kwa ukali, "Wachezaji, mto umejaa, mnangoja nini?"

Yule mwanamke akainama sikioni kwangu. "Mama," akasema, "wamo. Wana dakika tano."

Walikuwa kumi na wanane, mdogo wangu. Mbele yangu kabisa. Mimi nilikuwa naangalia ukuta wa mvua.

Nilisimama, nikamwachia kiti. Yeye ndiye aliyenishika mkono mpaka nje, maana ngazi sikuziona. Yule niliyemwita mwizi.

Daktari amepima tena. Imepungua zaidi. Nilimuuliza zile wiki sita bila dawa zimechukua kiasi gani. Akasema hajui, huenda zimechukua, huenda ingekwenda hata hivyo. Nikamwambia anipe jibu moja nikalale nalo. Akasema hana. Nilimkasirikia, halafu nikaona ni mtu wa kwanza mwaka huu kuniambia kwamba hajui.

Onyesho limefunguliwa. Nilikaa safu ya nne, mpwa wako ubavuni. Alianza kunisimulia rangi, nikamwomba anyamaze. Nilisikiliza miguu ya wachezaji. Watu walipiga makofi sana.

Nimefikiri sana kuhusu barua yako ile. Kuna siku nakuchukia kwa nusu saa nzima. Kisha nakumbuka jinsi nilivyoisoma kwa sauti ukumbini, nilivyoipenda, na kwamba ulikuja mpaka hapa ukapiga magoti kwenye beseni na bado nikaichagua karatasi. Sijui nikuweke wapi. Ngoja kwanza.

Mambo mawili. La kwanza, daktari amesema ugonjwa huu unatembea katika damu, na ndugu wa tumbo moja lazima wapimwe. Nenda. Usiniambie utakwenda. La pili, usiniandikie tena kwa huruma. Niandikie kilichopo, na uandike kwa herufi kubwa. Macho yangu ya kusomea yamebaki kidogo, sitaki kuyamaliza kwenye uongo.

Dada

*

21 Julai

DADA, SHIKAMOO.

NAANDIKA KUBWA KAMA ULIVYOTAKA. KARATASI MOJA INAINGIA MANENO MACHACHE, KWA HIYO NAKWENDA MOJA KWA MOJA.

NIMEPIMWA. NINAO. JICHO LA KUSHOTO LIMEANZA, LA KULIA BADO. DAKTARI WA HUKU ANASEMA NIMEWAHI, NA KWAMBA NIKITIA DAWA KILA SIKU HUENDA NIKAZEEKA NAYO MACHO. AMESEMA HUENDA. NILIMUULIZA MARA MBILI NA MARA ZOTE MBILI ALISEMA HUENDA.

MATONE YANAWASHA KAMA ULIVYOSEMA.

BILA WEWE NISINGEKWENDA KUPIMWA. HILO NI KWELI, SIKUANDIKII KUKUFARIJI. NA UONGO WANGU HUENDA UMEKUCHUKULIA KIASI CHA MACHO YAKO AMBACHO HAKUNA ANAYEWEZA KUKIPIMA. NINA VIPIMO VYA KILA AINA KWENYE MEZA HII, HAKUNA CHA KAZI HIYO. SIJUI MTU ANAOMBAJE RADHI KWA KITU KISICHOJULIKANA UKUBWA. NIKIJUA NITAOMBA.

NIMEMWAMBIA MKE WANGU. NIMEMWAMBIA BI RISASI. AMENIULIZA KAMA BLUU BADO NAIONA. NAIONA, DADA. NIMEAMUA NISIKUFICHE HATA HILO.

MDOGO WAKO